Programu yangu ilipompa Marco ushindi

Majuzi nilikesha nikifanya kazi ambayo hakuna anayenilipa: kuandika programu ndogo ya kusafisha faili kubwa ya michezo ya zamani ya sataranji. Nilidhani itakuwa kazi ya saa mbili. Wapi!

Michezo hii huhifadhiwa kwa mtindo uitwao PGN, aliouanzisha Steven J. Edwards mwaka 1993. Ni maandishi matupu, hata Notepad inayafungua. Juu kuna lebo 7: shindano, mahali, tarehe, raundi, mwenye kete nyeupe, mwenye nyeusi na matokeo. Chini zinafuata hatua zenyewe. Matokeo huandikwa 1-0 kama mweupe ameshinda, 0-1 kama mweusi, au 1/2-1/2 kama ni sare.

Mimi kwa ujuaji wangu nikaipa programu sheria mbili. Kwanza, mchezo usio na hatua hata moja ufutwe. Pili, kama mchezaji anaongoza sana katika hatua ya mwisho lakini matokeo yanasema ameshindwa, basi mtu alikosea kuandika, kwa hivyo matokeo yageuzwe. Usicheke, nilikuwa nimechoka.

Sheria ya pili ilimkuta Georg Marco. Mwaka 1902 huko Monte Carlo alicheza na Ignatz von Popiel, Marco akiwa na kete nyeusi. Askofu wake alikuwa amebanwa katikati ya ubao, akaona hana pa kumpeleka, akasalimu amri. Kumbe askofu huyo angeruka hadi g1, papo hapo angefungua njia ya kumla malkia wa mweupe na kutishia kumaliza mchezo. Marco alijisalimisha akiwa na ushindi mkononi! Programu ikapiga hesabu, ikaona mweusi anashinda, ikabadilisha 1-0 kuwa 0-1. Kuhusu ubao ilisema kweli. Kuhusu kilichotokea siku ile ilidanganya, na kama nisingeupitia mchezo huo kwa macho yangu, uongo huo ungebaki kwenye faili ukiwa na jina langu.

Sheria ya kwanza nayo ikamgusa Bobby Fischer. Katika pambano lake na Boris Spassky huko Reykjavik, mwaka 1972, Fischer hakutokea kwa mchezo wa pili, na Spassky akapewa pointi. Hakuna hatua iliyochezwa, kwa hivyo programu ikaufuta. Fischer alishinda pambano hilo 12½ kwa 8½, lakini ukijumlisha faili yangu "safi" unapata 12½ kwa 7½. Pointi moja ya ubingwa wa dunia imepotea kwa mistari mitatu ya kodi.

Kuna michezo ambayo hata mwisho wake unatofautiana faili kwa faili. Hastings 1895, Curt von Bardeleben alipoona Steinitz anamlemea, hakusalimu amri. Aliinuka akatoka ukumbini, akaiacha saa yake imalizike. Steinitz akawaonyesha waliokuwepo jinsi ambavyo angemfunga mfalme katika hatua 10. Faili nyingine huishia ngome ya Steinitz inapokula h7, nyingine zinaongeza zile hatua 10 kana kwamba zilichezwa. Zote ni halali kisheria, na programu haina njia ya kujua ni zipi zilibaki mdomoni.

Lakini kilichonikosesha usingizi ni Alekhine. Huyu bingwa wa dunia alichapisha katika kitabu cha michezo yake bora mchezo wa Moscow, 1915, dhidi ya Grigoriev, yeye mwenyewe akiwa na kete nyeupe, ambapo malkia 5 wanakuwa ubaoni kwa wakati mmoja. Mchezo mtamu ajabu. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba mwenye kete nyeupe alikuwa Grigoriev, na kwamba malkia 5 walitokea tu kwenye maelezo, katika njia ambayo mchezo ungeweza kufuata. Maelezo yakageuzwa kuwa mchezo, na pande zikabadilishwa. Hapa hakuna mchapaji wa kulaumiwa. Shahidi mwenyewe ndiye aliyetupotosha.

Makosa mengine ni madogo. Vitabu vya zamani vya Kiingereza viliupa kila mraba majina mawili, moja kutoka upande wa kila mchezaji, na ngome mbili zilipoweza kufika mraba mmoja, mwandishi hakutaja kila mara ni ipi. Aliyenakili akakisia. Hata mbao za kisasa za elektroniki zina vituko vyake: mchezo ukiisha, wafalme huwekwa katikati ya ubao kuashiria matokeo, na mara nyingine ishara hiyo huingia kwenye faili kama hatua ya mwisho.

Nimeziondoa sheria zote mbili. Sasa programu haibadilishi wala kufuta chochote. Inaongeza tu lebo ya nane yenye swali, kisha mimi nasoma. Marco amerudishiwa kushindwa kwake. Michezo yote miwili ya Alekhine na Grigoriev nimeiacha, ule wa malkia 5 ukiwa na alama ya kuuliza kwenye matokeo.