Hesabu za Julai

Kura ya bajeti haipigwi kwa siri. Pale Dodoma, mwishoni mwa mjadala wa kila Juni, wabunge wanaitwa majina mmoja mmoja, na kila mmoja anajibu kwa sauti kama anakubali, anakataa au hana upande. Kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili nimesoma Hansard za Juni nyingi, na kurasa hizo ndizo zinazochosha kuliko zote. Ni majina tu, mamia ya majina, na neno "ndiyo" likirudi kama mvua ya masika. Ilinichukua muda kujua kwa nini wanaosema hapana ni wachache hivyo, hata katika yale mabunge yaliyokuwa na wapinzani wengi. Hesabu ya viti vya chama tawala ni sababu ya kwanza. Ya pili imo kwenye Katiba yenyewe: Ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa kupitisha bajeti. Anayesema hapana, wenzake wakimfuata, anarudi jimboni kuomba kura upya. Mbunge naye ana mkopo wa gari.

Bajeti ya mwaka 2021/22 ilikuwa ya Shilingi trilioni 36.33. Hiyo namba haisomeki. Mimi hushindwa hata kuiandika kwa tarakimu zote bila kurudia kuhesabu sifuri. Kilichosomeka ni kile kilichotoka humo kikaingia nyumbani. Tarehe 15 Julai 2021 ilianza tozo ya miamala ya simu, kati ya Shilingi 10 na 10,000 kutegemea kiasi, ukituma unakatwa na ukitoa unakatwa. Mafuta ya petroli na dizeli yaliongezewa Shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za vijijini. Tarehe 20 Agosti kodi ya majengo ikahamia kwenye LUKU: nyumba ya kawaida Shilingi 1,000 kwa mwezi, ghorofa ya mjini Shilingi 5,000 kwa kila sakafu. Kwa mara ya kwanza mpangaji wa chumba kimoja, asiyemiliki hata bati moja la paa, alijikuta akimlipia mwenye nyumba kodi ya jengo kila anaponunua umeme. Kwa maelekezo, akubaliane na mwenye nyumba wake wakatane kwenye pango. Aliyetoa maelekezo hayo nadhani hajapanga chumba siku nyingi.

Nyumbani kwetu hesabu huandikwa. Mama anauza mboga na dagaa sokoni Singida, na ana daftari la shule lenye safu mbili, moja ya mtaji na nyingine ya matumizi. Safu ya matumizi ina vitu vya kawaida: unga, mkaa, nauli, sabuni, vocha, michango ya misiba. Wiki ile ya Julai aliongeza mstari mpya, akaandika "serikali ya simu". Mimi nilikuwa chuoni Dar es Salaam, ninaishi kwa fedha anazonitumia, kwa hiyo mstari ule ulinihusu. Alikuwa akinitumia 50,000 mara mbili kwa mwezi. Tangu hapo akawa anakusanya na kutuma mara moja, na mara nyingine anaifunga kwenye bahasha na kumpa dereva wa basi, kama watu walivyofanya kabla ya pesa za simu. Wiki mbili za mwisho wa mwezi nilizijua vizuri sana mwaka ule.

Sitaki kusema tozo haikuwa na kazi. Serikali ilisema fedha zile ni za barabara za vijijini, madarasa na vituo vya afya, na anayetoka Singida hawezi kukejeli kituo cha afya. Swali la mama lilikuwa jingine kabisa. Aliliuliza kwa simu, bila hasira: "Sasa mwanangu, wao daftari lao linasomwa lini?"

Nimejaribu kulijibu kwa njia ninayofundishwa, yaani kwa tarehe. Mwaka wa fedha wa 2021/22 ulianza tarehe 1 Julai 2021 na kufungwa tarehe 30 Juni 2022. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, anapewa miezi tisa baada ya hapo kukamilisha ukaguzi na kumkabidhi Rais ripoti, yaani hadi mwisho wa Machi 2023. Kwa Ibara ya 143, Rais anaagiza ripoti iwasilishwe katika kikao cha kwanza cha Bunge, kabla siku saba hazijapita tangu kikao kianze. Hapo ni Aprili. Kisha inakwenda kwenye kamati: Kamati ya Hesabu za Serikali, ambayo kila mtu anaiita PAC, na LAAC kwa upande wa halmashauri. Kamati zinawaita maofisa masuuli, zinahoji, zinaandika taarifa, na kwa miaka ya karibuni taarifa hizo zimekuwa zikijadiliwa karibu na Novemba. Shilingi iliyokatwa kwenye simu ya mama Julai 2021 ilikaguliwa na kufika bungeni baada ya takriban miezi ishirini na moja, na mjadala ukafuata baadaye tena.

Mpangilio huu hatukuutunga sisi. Waingereza waliunda kamati yao ya hesabu mwaka 1861, Gladstone akiwa waziri wa fedha, na sheria yao ya mwaka 1866 ndiyo iliyozaa cheo cha mkaguzi ambacho hadi leo tunakiita kwa herufi tatu za Kiingereza. Tulivirithi vyote kwenye uhuru. Mkaguzi anakuja baada ya matumizi, kwa makusudi, kwa sababu huwezi kukagua kisichotumika. Kasoro naiona kwenye upande wa kutoza, ambako hakuna aliyerithi subira hiyo.

Zipo nyakati ambapo kamati imeuma. Novemba 2014, chini ya uenyekiti wa Zitto Kabwe, PAC iliwasilisha taarifa yake kuhusu akaunti ya Tegeta Escrow na zaidi ya Shilingi bilioni 300 zilizotoka humo. Mjadala ulikwenda hadi usiku; watu waliufuatilia kwenye redio za daladala na za vibanda vya kuchajia simu. Mwanasheria Mkuu alijiuzulu Desemba, waziri mmoja akaondolewa mwezi huohuo, na mwingine akajiuzulu Januari 2015. Mimi nilikuwa sekondari, na nakumbuka mwalimu wa Uraia akiacha mada ya siku ile atufafanulie neno "escrow" ubaoni, akashindwa, akacheka.

Halafu zipo nyakati za aina nyingine. Mwishoni mwa 2018 CAG Mussa Assad alihojiwa na redio ya Umoja wa Mataifa na kuulizwa kwa nini ripoti zake hazifanyiwi kazi. Alisema huo ni udhaifu wa Bunge. Spika akamtaka afike mbele ya kamati ya maadili mwenyewe, la sivyo aletwe kwa pingu. Alifika Januari 2019. Tarehe 2 Aprili Bunge likaazimia kutofanya kazi naye, na Novemba mwaka huohuo akateuliwa CAG mwingine. Hansard ya siku ya azimio nimeisoma mara tatu. Maneno yanayotawala ni heshima, hadhi na mhimili. Mjadala ni wa neno moja, udhaifu. Nilikuwa nikitafuta mahali ambapo angeulizwa hoja zipi hasa hazikufanyiwa kazi, na katika kurasa nilizosoma fedha yenyewe inapita pembeni kama mgeni asiyealikwa.

Ndiyo maana katika tasnifu nimeanza kutazama upande wa pili, wa wanaolipa. Bibi yangu, mzaa mama, ana mkebe wa majani ya chai uliojaa stakabadhi za kodi ya maendeleo za marehemu babu. Kodi ya kichwa ilikuwa imefutwa mwaka 1969, ikarudi miaka ya 1980 kwa jina hilo jipya, na kiwango chake kilitofautiana wilaya kwa wilaya. Stakabadhi ilikuwa kama pasi: mgambo waliweka vizuizi njiani, na asiyekuwa nayo alikamatwa. Bibi anasema wanaume walilala mashambani msimu wa ukusanyaji, na wanawake ndio waliobaki kujibu mlangoni. Nilipomuuliza kama waliwahi kuelezwa fedha ile ilifanya nini, alinitazama kama niliyeuliza mvua inalipwa mshahara gani. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2003, baada ya kuonekana mapato yake ni madogo na ukusanyaji wake ni wa kero na mabavu. Vizuizi na kujificha vilikuwa vimeshatoa hukumu kabla ya mkaguzi.

Mwaka 2013 ilikuwa hivyohivyo. Bunge lilipitisha kodi ya Shilingi 1,000 kwa mwezi kwa kila laini ya simu, kelele zikapigwa, na kabla mwaka haujaisha ikafutwa na kufidiwa kwa kuongeza ushuru kwenye huduma za simu. Wabunge walewale waliosema ndiyo Juni walisema ndiyo tena Desemba, kwa kinyume chake.

Tozo ya 2021 nayo ilipunguzwa kwa asilimia 30 kuanzia tarehe 7 Septemba, wiki nane tu baada ya kuanza. Julai 2022 ikapunguzwa tena, kima cha juu kikawa Shilingi 4,000, lakini ikapanuliwa hadi benki. Kelele zikarudi, na kuanzia tarehe 1 Oktoba 2022 baadhi zikafutwa. Ripoti ya ukaguzi wa mwaka ule wa kwanza ilipomfikia Rais, Machi 2023, tozo ilikuwa imeshabadilishwa mara tatu, na mama alikuwa ameshamaliza daftari lile na kununua lingine.