Volti: Kutoka Chupa ya Zebaki Hadi Mapigo ya Saa

Muuza nafaka akishukiwa ratili yake, huletewa jiwe la mizani lililokwisha kuhakikiwa, na shaka ikaondoka papo hapo. Bali umeme, usioonekana kwa jicho wala kuwekwa katika kitanga, wautafutie jiwe gani? Suala hili liliwashughulisha sana mafundi wa karne ya 19 walipokuwa wakitandaza waya za simu za telegrafu chini ya bahari, kwa kuwa fundi wa upande huu wa maji hakuweza kukubaliana na mwenziwe wa ng'ambo, ikiwa kila mmoja ana volti yake.

Jawabu la kwanza lilitiwa chupani. Katika mwanzo wa miaka ya 1870 Latimer Clark, mhandisi Mwingereza wa simu hizo, alitengeneza betri ndogo ya zebaki na zinki, isiyokusudiwa kuwasha taa wala kuendesha mtambo, bali kukaa kimya na kuulizwa tu. Na wataalamu wa umeme waliokutana Chicago mwaka 1893 wakaikubali kuwa ni volti 1.434 katika joto la sentigredi 15. Ila yake kubwa ilikuwa kwamba joto likipanda daraja moja, nguvu yake hupungua kwa takriban sehemu moja ya elfu ya volti.

Mwaka ule ule wa 1893 Edward Weston, Mwingereza aliyehamia Marekani, alipewa hataza ya betri iliyotumia kadimiamu mahali pa zinki, ambayo badiliko lake kwa joto halikufika hata sehemu moja ya ishirini ya lile la Clark. Chombo chake kilikuwa cha kioo, umbo lake mfano wa herufi H, mguu mmoja una zebaki na wa pili una kadimiamu iliyochanganywa na zebaki. Kilipochaguliwa kuwa kipimo cha mataifa, Weston aliiacha haki ya hataza yake ili kila nchi ijitengenezee. Na tangu mwaka 1911 kikahesabiwa kuwa volti 1.0183 katika sentigredi 20. Adabu ya kukitumia ilikuwa kali: hakiinamishwi, hakitikiswi, wala hakinyonywi umeme, bali hupambanishwa na nguvu nyingine mpaka sindano ya galvanometa itulie katika sifuri.

Hata hivyo chupa ni chupa, nayo huzeeka. Kila taifa liliweka kundi la betri hizi katika joto lisilobadilika, na baadhi yao zikachukuliwa kwa uangalifu kama mayai hadi Sèvres, karibu na Paris, zikalinganishwe. Na aghalabu ilidhihirika kwamba volti ya nchi hii imeachana kidogo na ya nchi ile, pasiwe na mtu wa kuapa ni ipi iliyosogea.

Mlango ulifunguliwa na kijana wa miaka 22. Mwaka 1962 Brian Josephson, mwanafunzi wa Cambridge, alionyesha kwa hesabu kwamba metali mbili zilizopozwa mpaka zikapoteza ukinzani wote, zikitenganishwa na utando mwembamba mno na kupigwa na mawimbi ya redio, hutoa volti inayofuata idadi ya mawimbi hayo na si kitu kingine. Hesabu hiyo ikathibitishwa, naye akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1973. Na kuanzia 1 Januari 1990 mataifa yaliafikiana kwamba volti moja ni mawimbi 483,597,900,000,000 kwa nukta moja, kiwango kilichorekebishwa kidogo mno mwaka 2019.

Na kwa kuwa mawimbi hayo huhesabiwa kwa nukta, hapo ndipo mpimaji wa umeme alipomwendea mpima wakati. Kwa bahati njema saa ilikuwa tayari: mwaka 1955 Louis Essen na Jack Parry walikwisha kuendesha saa ya atomu za sesiamu huko Teddington, Uingereza, na mwaka 1967 nukta ikafasiliwa kwa mapigo 9,192,631,770 ya atomu hiyo.

Hii ndiyo sababu mafundi wa ridhaa wanaoshughulika na mambo haya majumbani mwao huweka saa na volti juu ya meza moja. Mwaka 2005 mmoja wao, huko Marekani, alipakia saa tatu za sesiamu katika gari la familia, akapanda na wanawe Mlima Rainier hadi zaidi ya mita 1,600, wakakaa siku mbili. Waliporudi, zile saa zilikuwa zimetangulia zile za nyumbani kwa takriban sehemu 22 za bilioni ya nukta, kama nadharia ya Einstein ilivyokadiria.

Kwa upande wa volti, hawana metali zilizopozwa hadi sentigredi 269 chini ya sifuri. Wanacho kipande cha silikoni chenye daiodi ya zena, kinachopashwa moto usiku na mchana na kutoa takriban volti saba, nacho huzeeka kama zilivyozeeka chupa za Weston. Kwa hiyo fundi mwaminifu huandika tarakimu zake daftarini mwaka hata mwaka, kisha hukichukua kipande chake, kingali na moto wake, hadi kwa aliye na kipimo bora kuliko chake. Na ukiufuata mnyororo huo wa kuulizana mpaka mwisho, jiwe la mizani utakalolikuta huko ni saa.