Naivasha: Maji ni Yetu, Njia ni ya Nani?

Mwambie Mnairobi yeyote kwamba Jumamosi unaenda Naivasha, atakuuliza mambo mawili tu: mnalala wapi, na nyama mnachomea wapi. Ni kilomita 90 hivi kutoka mjini. Asubuhi unapanda mlima Longonot, mchana unaendesha baiskeli Hell's Gate katikati ya pundamilia, jioni unapanda boti kuangalia viboko. Jumapili umerudi Nairobi na picha mia mbili kwenye simu.

Sina ugomvi na hayo. Mimi mwenyewe ni mteja. Lakini kazi ya uandishi imenipa ugonjwa wa kuuliza maswali, na kwa Naivasha ninalo moja ambalo silisikii likiulizwa: nani alianza kustarehe hapa, na ilikuwaje starehe hiyo ikawa yake?

Hebu kwanza tuliangalie ziwa lenyewe. Liko katika Bonde la Ufa, mita 1,890 hivi juu ya usawa wa bahari. Mito yake mikubwa, Malewa na Gilgil, huleta maji kutoka nyanda za juu, na Malewa huanzia milima ya Nyandarua. Hakuna mto unaotoka, lakini maji yake si ya chumvi, maana hupenya chini ya ardhi. Jina lenyewe ni la Kimaasai: Enaiposha, maji yanayochafuka. Ukifika asubuhi utadhani wenyewe walikosea, kwa maana ziwa limetulia kama uji kwenye bakuli. Subiri mchana upepo uanze. Wenye boti watakuambia mapema kwamba safari nzuri ni ya kabla ya saa sita.

Vitabu vingi vya wageni huanza historia ya Naivasha mwaka 1883, kana kwamba kabla ya hapo ziwa lilikuwa limejifunika shuka likingoja kufunuliwa. Mwaka huo walifika Wazungu wawili, kila mmoja kwa msafara wake: Mjerumani Gustav Fischer aliyeanzia Pangani na Mskoti Joseph Thomson aliyeanzia Mombasa. Kwanza, Wamaasai walikuwa wakinywesha ng'ombe wao hapo zamani. Pili, njia yenyewe ilikuwa inajulikana na wafanyabiashara wa pembe za ndovu kutoka pwani. Thomson alisafiri pamoja na mmoja wao, Jumbe Kimemeta wa Pangani, mtu aliyeijua nchi ya Wamaasai kuliko Mzungu yeyote wa wakati huo. Misafara hiyo ilibebwa vichwani na mabegani na wapagazi, na lugha ya kambi ilikuwa hii hii unayoisoma sasa. Kiswahili kilifika Naivasha kwa miguu kabla ya treni.

Fischer alizuiwa na Wamaasai asiendelee, akageuza msafara. Leo jiwe refu lililosimama peke yake ndani ya Hell's Gate linaitwa Mnara wa Fischer, na vijana hujifunza kupanda miamba juu yake kwa kamba. Yaani aliyezuiwa akapewa mnara. Waliomzuia wakabaki na jina la korongo, Ol Njorowa, ambalo wageni wengi hawalijui.

Kisha reli ikaja. Ilifika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwishoni mwa 1901, na Naivasha ikawa stesheni katikati. Wengi hatukufundishwa shuleni kwamba hadi mwaka 1902 Naivasha ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Waingereza walihamisha mpaka kwa kalamu, nchi ikabadilika jina watu wakiwa wamelala.

Kalamu ya pili ilikuwa kali zaidi. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ilifanya mapatano na viongozi wa Wamaasai, akiwemo laiboni Olonana. Wamaasai walihamishwa kutoka malisho ya Bonde la Ufa, Naivasha ikiwemo, wakapelekwa katika hifadhi mbili, moja kaskazini Laikipia na nyingine kusini. Waliahidiwa kwamba hifadhi hizo zingekuwa zao kwa muda wote kabila lao litakapokuwepo duniani. Ahadi hiyo haikumaliza hata miaka kumi. Mwaka 1911 yalifanywa mapatano mengine, na wale wa Laikipia nao wakahamishwa. Walikwenda mahakamani mwaka 1913 wakashindwa. Majaji walisema mapatano yale yalikuwa mkataba kati ya mataifa, hivyo mahakama haikuwa na mamlaka juu yake. Ajabu kweli: mlipohamishwa mlikuwa raia wa kutawaliwa, mlipodai haki mkawa taifa la nje!

Sasa starehe ndiyo inaanza. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alifika Kenya kuwinda, na Naivasha aliwinda viboko ziwani. Kwa mgeni mwenye leseni, hayo yaliitwa michezo. Kwa Mwafrika aliyeingia porini na mshale wake kutafuta kitoweo, sheria za kikoloni zililiita kosa. Mnyama ni yule yule, tofauti ni nani ameshika silaha.

Hata samaki waliletwa kwa ajili ya mchezo. Mwaka 1929 samaki wa Marekani aitwaye bass alipandwa ziwani ili walowezi wapate cha kuvua kwa ndoana siku za mapumziko. Kabla yake, kwenye miaka ya 1920, alikuwa ameletwa tilapia. Hivyo ukikaa leo kando ya Naivasha ukaagiza tilapia mzima wa kukaanga, unakula historia ya ukoloni, na ndimu juu yake.

Mwaka 1937 zikaja ndege za kutua majini. Shirika la Imperial Airways lilitumia ziwa hili kama kituo katika njia ya abiria na barua kutoka Southampton, Uingereza, hadi Afrika Kusini, na kituo kiliendelea kutumika hadi mwaka 1950. Abiria walishukia majini, kisha wakapelekwa Nairobi kwa gari. Najaribu kupiga picha akilini: ndege nzito inapasua maji, flamingo na mwari wanatimka, na wageni wenye kofia wanashuka wakitafuta chai.

Ninayemtafuta katika picha hiyo ni yule aliyebeba sanduku. Alikuwepo, maana masanduku hayatembei. Huyo aliishi katika eneo lililoitwa Nyanda za Juu za Wazungu, ambako Mwafrika hakuruhusiwa kumiliki shamba. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920 alilazimika kuvaa kipande shingoni, kile cheti cha kazi ndani ya kijisanduku cha bati. Alilima kando ya ziwa, alipika, alisukuma boti, alishikilia farasi. Ziwa lilikuwa mahali pa kazi. Kukaa ukingoni bila kazi, akitazama maji tu, kungeitwa uzururaji.

Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 mji huu mtulivu ulishtuka. Wapiganaji wa Mau Mau walivamia kituo cha polisi cha Naivasha, wakachukua bunduki na kuwafungua wafungwa. Ilikuwa usiku ule ule wa mauaji ya Lari. Nimesoma maelezo ya wageni wanaosema Naivasha ilikuwa peponi kabla ya vurugu hizo. Pepo ya nani? Utulivu wa mahali hutegemea umesimama upande gani wa ua.

Haya, uhuru ukaja. Mashamba mengi yalibaki makubwa. Yalibadilisha wenyewe au mazao. Kuanzia miaka ya 1970 maua yalianza kuchukua nafasi, na ziwa likazungukwa na nyumba za plastiki zinazolisha masoko ya Ulaya. Watu kutoka kila pembe ya Kenya wakaja kutafuta vibarua, na mitaa kama Karagita ikakua kando ya barabara ya Moi South Lake. Mwaka 1981 mtambo wa kwanza wa umeme wa mvuke wa Olkaria ulianza kazi. Mwaka 1983 Longonot ikatangazwa hifadhi ya taifa, na mwaka 1984 ikafuata Hell's Gate. Mwaka 1995 ziwa liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Hapo ndipo sisi tunaingia. Hell's Gate ni mojawapo ya hifadhi chache za Kenya unazoweza kuzunguka kwa miguu au baiskeli. Mwanafunzi asiye na gari, ambaye Maasai Mara anaiona kwenye kalenda, anaweza kushuka matatu, kukodi baiskeli njia panda na kuingia kupitia kati ya kuta zile nyekundu. Longonot nayo haidai landrova. Inadai magoti. Kilele chake kina mita 2,776, na kuuzunguka mdomo wa kreta ni kilomita saba hivi za vumbi jepesi. Kwa maoni yangu hifadhi hizi mbili zimefanya kazi kubwa kuliko matangazo yote ya utalii wa ndani: zimemfundisha kijana wa Nairobi kwamba porini si pa mgeni peke yake.

Mjomba wangu alipoziona picha zangu nikiwa juu ya Longonot, aliniuliza: "Kwani ulikuwa umepoteza mbuzi?" Tulicheka sana. Lakini swali lake lina historia ndani yake. Kizazi chake kilijua mlima unapandwa kwa sababu: kuni, mifugo, maombi, vita. Kupanda ili ushuke lilikuwa jambo la waliokuwa na nafasi, na nafasi hiyo iligawiwa kwa rangi ya ngozi. Basi anaposema "hayo ni mambo ya Wazungu," hasemi upuuzi. Anakumbuka nani aliruhusiwa. Ila kama ni haki tuliyonyimwa, dawa yake ni kuichukua, si kuiachia.

Na kuichukua ndiko kugumu. Katiba ya mwaka 2010 inasema maziwa ni ardhi ya umma. Vizuri sana. Lakini jaribu kushuka barabara ya Moi South Lake ukitafuta maji bila kulipa kiingilio cha mtu. Utaona ua, lango, askari. Ua mwingine, lango jingine. Kati ya hoteli, mashamba ya maua na makazi binafsi, mwananchi amebakiziwa fuo chache kama Kamere na Karagita, ambako wavuvi, wauza samaki, wenye boti na wenye mitungi ya maji wote hubanana. Maji ni yetu, njia ya kuyafikia si yetu. Ni kama kurithishwa kisima kilicho katikati ya boma la jirani.

Tatizo hili halikuzaliwa jana. Maji ya Naivasha hupanda na kushuka, na yakishuka huacha ardhi wazi. Tangu enzi za ukoloni wenye mashamba jirani waliachiwa kuitumia ardhi hiyo, kwa sharti kwamba wasijenge majengo ya kudumu. Sharti hilo lilikuwa na busara, kwa sababu ziwa hurudi. Mwaka 2020 lilirudi kweli, likaingia mtaa wa Kihoto na kuzifukuza familia kwenye nyumba zao. Waliolala kwenye mashule na kwa jamaa hawakuwa wenye mahoteli.

Wamaasai nao? Mwaka 2014 familia za Kimaasai zilihamishwa tena, safari hii kupisha mitambo mipya ya umeme Olkaria. Walijengewa makazi mapya, na malalamiko yao yalifika hadi Benki ya Dunia. Hoja za serikali safari hii zilikuwa nzito: nchi inahitaji umeme, na hata kompyuta ninayoandikia inautumia. Lakini ukiweka 1904 na 2014 pamoja, utaelewa kwa nini mzee wa Kimaasai hafurahii sana anapomwona kijana wa mjini akijipiga picha korongoni na kuandika "nature".

Kwa hiyo nashauri nini, tusiende? Nendeni, tena mara nyingi. Pandeni Longonot alfajiri kabla jua halijawa kali, na maji ya kutosha mgongoni. Hell's Gate, msiingie korongoni kukiwa na dalili ya mvua, hata kama inanyesha mbali. Mafuriko ya ghafla yaliua wageni humo mwaka 2012 na tena 2019, na mtu akikuambia usishuke, msikilize. Samaki kaleni Kamere, pesa iende kwa aliyemvua. Ulizeni majina ya mahali kwa Kimaasai.

Na mkifika kwenye lango lililofungwa, mwulizeni askari kwa heshima: "Kaka, njia ya umma ya kwenda ziwani iko wapi?" Labda hajui. Sasa mwulizeni diwani, mwulizeni gavana, mwulizeni mgombea anapokuja kuomba kura. Babu zetu walisimama kwenye ukingo ule wakishika masanduku ya watu. Sisi tunataka kukaa tu, tutazame maji.