Gari otomatiki likigoma kuwaka: rekebisha swichi ya gia, usiikwepe

Samaki wa Vamizi hufika bara kwa boti. Kutoka hapo safari ni ya gari, na barafu haingoji. Magari mengi yaliyotumika kutoka Japani ni otomatiki, na yanafaa Msumbiji na Tanzania kwa kuwa nchi zote mbili huendesha kushoto. Kifaa kimoja kidogo kinaweza kuyasimamisha: swichi ya gia.

Kazi yake
Swichi hii hufungwa ubavuni mwa giaboksi, kwenye shafti inayozungushwa na mkono wa gia. Huruhusu stata izunguke kwenye P na N tu. Katika magari mengi huwasha pia taa za rivasi.

Dalili
- Stata haiitiki kwenye P, lakini inaitika kwenye N.
- Taa za rivasi haziwaki.
- Dashibodi inaonyesha gia isiyo sahihi.

Kwanza kagua betri na plagi ya swichi. Hewa ya chumvi ya pwani hula vituo vya nyaya. Kebo ya mkono wa gia ikiwa imelegea, ianze hiyo.

Marekebisho
1. Egesha mahali tambarare, vuta hendibreki, weka vigingi kwenye magurudumu. Zima injini, subiri ipoe.
2. Weka gia kwenye N. Ondoa waya wa hasi wa betri.
3. Legeza bolti za swichi bila kuzitoa.
4. Zungusha swichi polepole. Kwenye Toyota nyingi, mtaro wa shafti ulingane na mstari wa nyutro. Kwenye baadhi ya Nissan, matundu mawili yapangane na pini ipite.
5. Ishikilie hapo, kaza bolti kwa kiasi, rudisha waya wa betri.
6. Kanyaga breki, watu wakae mbali, kisha jaribu. Stata iitike kwenye P na N, isiitike kwenye R wala D. Taa za rivasi ziwake kwenye R pekee.

Ikishindikana, huenda swichi imekufa, badilisha.

Onyo
Wapo mafundi wanaounganisha nyaya moja kwa moja ili gari liwake. Gari hilo linaweza kuwaka likiwa kwenye D na kuruka mbele, penye wapakiaji au ukingoni mwa maji. Kurekebisha hakuhitaji kipuri, ni spana na muda mfupi. Njia ya mkato inaweza kugharimu gari, mzigo na maisha ya mtu.