Kikaango, Kopo na Kahawa: Historia ya Kukaanga Buni Nyumbani

Mtu akitaka kujua jinsi jambo lilivyoingia katika nchi, na aulize kwanza majina ya vyombo vyake. Katika jiko la pwani kahawa ina majina ya namna mbili. Kahawa yenyewe, buni ambayo ndiyo kahawa mbichi, dele la kuipikia na finjani ya kuinywea, yote hayo ni maneno yaliyotoka katika Kiarabu, nayo yanatuambia wazi kwamba kinywaji hiki kilikuja kwa jahazi. Lakini mara tu buni inapotiwa motoni, maneno hubadilika. Kukaanga, kikaango, mwiko, ungo, kupepeta, kinu, mchi, kutwanga: hayo ni maneno yetu ya Kibantu, yaliyokuwa yakitumika kwa njugu na nafaka tangu kale. Huko Arabuni kiko chombo maalumu cha kukaangia kahawa, karai ndogo ya chuma yenye mkono mrefu, iitwayo mihmasi. Jina hilo sijalisikia katika jiko lolote la pwani yetu. Kinywaji tulikipokea, lakini ufundi wa moto tulikuwa nao nyumbani.

Mti wa kahawa ya arabika asili yake ni nyanda za juu za Ethiopia. Huko mpaka leo mwanamke mwenye nyumba hukaanga buni mbele ya wageni wake, kisha huipitisha ingali ikitoa moshi ili kila mmoja anuse kabla haijatwangwa. Ilivuka Bahari ya Shamu hadi Yemen, ambako katika karne ya 15 masufi waliinywa ili wapate kukesha katika ibada, na bandari ya Mokha ikaitawanya duniani. Pwani yetu, iliyopokea majahazi ya Arabuni kila msimu wa kaskazi, iliipata kutoka upande huo. Ikaipa nafasi barazani, katika maulidi, hitima na arusi. Ikaitia tangawizi, na pembeni ikaweka kashata ya kupooza uchungu.

Sasa na tutazame bara, maana hapo pana jambo la ajabu. Katika nchi ya Kagera kahawa ya robusta ilikuwako kabla Mzungu yeyote hajafika, lakini Wahaya hawakuikaanga. Waliichuma, wakaichemsha pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakaikausha na kuitafuna. Mgeni alikaribishwa kwayo. Na kwa kuwa tunda moja kwa kawaida hubeba buni mbili zilizokumbatiana, watu wawili waliotaka kuchanjiana udugu walizipaka damu yao, kila mmoja akameza ile ya mwenziwe. Sijui kama liko zao jingine hapa kwetu lililopewa heshima ya namna hiyo.

Kilimanjaro mambo yalikuwa mengine. Arabika ililetwa na mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, katika misheni ya Kilema, miaka ya 1890. Wachaga waliishika kwa bidii. Mwaka 1925 wakulima wenyeji waliunda chama chao, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika, KNCU. Fedha ya kahawa ikajenga shule na nyumba za bati. Lakini kilichonywewa katika kihamba kilikuwa mbege. Kahawa ilichumwa, ikamenywa, ikaoshwa, ikaanikwa, ikatiwa katika gunia, ikaondoka. Basi Bukoba waliitafuna, Moshi wakaiuza, na pwani, ambako mti wa kahawa haukubali sana ardhi, ndiko walikoikaanga na kuinywa. Waliolima na waliokaanga hawakukutana.

Nililelewa na bibi mzaa mama mjini Pangani. Alikuwa na kikaango cha udongo kisichotumika kwa kitu kingine ila kahawa, kwa sababu buni hushika harufu ya kila kilichotangulia chomboni. Moto wake ulikuwa wa vifuu vya nazi, uliokwisha kutulia. Alitia buni kiasi cha viganja viwili tu, na mwiko haukupumzika hata alipoitwa mlangoni. Ila ya kikaango ni moja: chini pana moto na juu hapana, hivyo mkono ukisita kidogo, buni moja huungua na jirani yake hubaki mbichi.

Mkono wa bibi ulipoanza kudhoofu, jirani yetu, fundi bati, alimtengenezea chombo kingine. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya 1980, bidhaa zilipoadimika madukani, na hata kopo tupu lilikuwa mali. Fundi alitafuta kopo kubwa la maziwa ya unga. Aliyakataa makopo mawili yaliyounganishwa kwa lehemu, akieleza kwamba lehemu huyeyuka kwenye moto wa kahawa; akachukua lile ambalo kingo zake zilikunjwa na kubanwa. Alilichoma tupu mpaka rangi na harufu vikaisha. Akatoboa kitako na kifuniko katikati, akapitisha ufito wa chuma, na mwisho wake mmoja akaukunja uwe mkono wa kuzungushia. Ndani alipachika vibapa viwili vya bati, ili kopo likizunguka buni zinyanyuliwe na kuangushwa badala ya kuteleza tu. Ubavuni alikata kijidirisha cha kutilia na kumwagia. Chombo kikakaa juu ya seredani, kimeegemea matofali mawili.

Wako wanaodhani kwamba kopo la namna hiyo ni kikaango cha maskini. Hawajalitazama vizuri. Kopo linalozunguka huipa kila buni zamu yake ya moto, na mashine kubwa za viwandani hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo. Mashine ambayo Jabez Burns aliipatia hataza mjini New York mwaka 1864 nayo ilikuwa pipa la chuma linalozunguka juu ya moto. Jambo jipya alilolileta ni kwamba liliweza kumwaga kahawa bila kuondolewa motoni. Kabla ya hapo, huko Marekani na Ulaya pia, watu wengi walinunua buni mbichi na kuikaanga jikoni kwao. Kahawa ya pakiti ndiyo iliyowanyang'anya ufundi huo. Na tangu miaka ya 1990 wako wenzao wanaourudia kwa hiari, tena kwa sufuria za kukaangia bisi zenye mkono wa kuzungusha kifunikoni. Bibi yangu angecheka kusikia.

Shida ya kopo ni kwamba ndani hapaonekani. Mkaangaji hana budi kutegemea pua na sikio. Kwanza unyevu hutoka, na buni hunuka kama nyasi zilizoanikwa, kisha kama mkate. Joto likifika kadiri ya nyuzi 200 za Selsiasi, mvuke na hewa zilizobanwa ndani huipasua buni, nayo hutatarika kwa sauti kubwa kama kuni kavu. Hufuata kimya. Kisha huja mlio wa pili, mwembamba, kama mchele unaomwagwa katika ungo. Pwani hupenda kuifikisha hapo, buni ikiwa nyeusi na mafuta yameanza kung'aa. Ikipita hapo kidogo tu ni makaa. Lazima imwagwe upesi katika ungo, ipepetwe ipoe, na makapi yapeperuke.

Siku moja niliachiwa mkono wa kopo, nami nikaenda kutazama mpira. Niliporudi moshi ulikuwa umegeuka wa buluu. Bibi hakunipiga. Aliitwanga kahawa ile, akaipika, akanikalisha mkekani niinywe finjani tatu.

Kilo moja ya buni hupungua motoni ikabaki gramu 800 au 850 hivi, ingawa kila punje huwa imevimba. Buni mbichi ikihifadhiwa pakavu hukaa miezi mingi bila kuharibika. Iliyokaangwa hupoteza harufu yake katika majuma machache, na iliyosagwa huchacha mapema zaidi. Kwa hiyo mwenye nyumba aliyenunua buni na kukaanga ya siku mbili tatu hakuwa akifuata mazoea tu, alikuwa anajua anachofanya. Hali kadhalika muuza kahawa, yule apitaye jioni na dele lake juu ya makaa akigonganisha vikombe: aghalabu kahawa yake ameikaanga na kuitwanga mwenyewe. Bukoba kuna kiwanda cha kahawa ya kuyeyuka, TANICA, lakini mpaka leo sehemu kubwa ya kahawa yetu huvuka bahari ikiwa mbichi, ikakaangwe na wengine.

Mwaka 1998 nilikuwa kazini mkoani Kilimanjaro, nikakaribishwa kwa mzee mmoja wa upande wa Marangu. Kahawa ilikuwa imeanikwa uani, nyeupe, nzuri kabisa. Nilimuuliza ameilima kwa muda gani. Akasema, tangu utoto wake, kwa baba yake. Nikamuuliza ladha yake ikoje. Akanyamaza, kisha akasema, "Kijana wangu, mimi naijua kwa uzito."

Niliomba kiganja kimoja na sufuria. Tuliimenya ile ngozi kavu kinuni, tukaipepeta, nikaikaanga nje juu ya mafiga, watu wa nyumbani wakitoka mmoja mmoja kwa ajili ya ile harufu. Sikuifikisha kwenye mlio wa pili, kwa kumwonea haya mzee na uchungu wa pwani. Tukaitwanga, tukaipika, nikammiminia. Alikunywa polepole, akiitazama miti yake. Mkewe aliuliza kama ni tamu. Hakumjibu. Alinigeukia mimi, akataka nimweleze tena habari za kopo, na hasa vile vibapa vya ndani: ni viwili, au vitatu? Na kabla sijamaliza alikwisha kumtuma mjukuu akatafute msumari na nyundo.