HEMA LA KUFUNGA KWENYE PIKIPIKI: LIMETOKA WAPI?

Mimi mzima kabisa hapa Guangzhou, namshukuru Mungu. Wiki hii nilikuwa zamu za usiku hospitalini, leo nimepata mapumziko nikasema ngoja niandike kidogo.

Mdogo wangu na wenzake wawili wanapanga kutoka Dar kwa pikipiki mpaka Mbeya, halafu wapande Kitulo na kushuka Tukuyu, njiani wanalala porini. Kaniambia, "Dada, wewe uko kiwandani kwa dunia, nitafutie hema dogo la pikipiki." Mama naye kapiga simu usiku huohuo. Yeye hataki kabisa safari hiyo. Anasema mtoto wa watu hawezi kulala nje kama hana kwao. Sasa nimewekwa kati! Nikamwambia mama kwamba kulala kwenye hema njiani si jambo la kizungu tulilopewa jana, na kumwambia hivyo kukanifanya nisome. Niliyoyapata ndiyo haya.

Kwanza mjue ninapokaa. Dengfeng ni mtaa ulioko wilaya ya Yuexiu, na jina lake kwa herufi za Kichina maana yake ni kupanda kilele. Wenzetu wengi mnapafahamu zaidi kwa jina la Xiaobei. Hapa ndipo Waafrika walianza kujaa mwishoni mwa miaka ya 1990, baada ya msukosuko wa fedha wa Asia wa 1997, wakati wafanyabiashara waliokuwa Bangkok, Jakarta na kwingineko walipohamia huku kufuata bidhaa kiwandani. Jengo la Tianxiu na kichochoro cha Baohan ndiyo yalikuwa makao makuu yao. Tangu 2020 tumepungua sana, lakini bado ukitembea jioni unasikia Kiswahili, Kilingala na Kifaransa, na harufu ya nyama choma ya Waislamu wa hapa hapa China.

Kichekesho ni hiki. Guangdong ni moja ya majimbo yanayotengeneza pikipiki nyingi sana nchini China. Zile Haojue mnazoziona barabarani huko kwetu kiwanda chake kiko Jiangmen, si mbali na hapa. Lakini ndani ya jiji la Guangzhou pikipiki zimepigwa marufuku tangu tarehe 1 Januari 2007, na sababu mojawapo iliyotajwa ni vibaka waliokuwa wakipora mikoba ya akina mama huku wakiwa juu ya pikipiki. Mwaka uliofuata, 2008, Kenya ikaondoa kodi ya VAT kwenye pikipiki ndogo, na bodaboda zikafurika. Kwa hiyo hapa zinatengenezwa na huko zinaendeshwa. Mimi miaka yote niliyokaa hapa sijapanda hata moja!

Haya, turudi kwenye hema.

Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu, khaima. Karne ya 19 misafara ilipokuwa ikitoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, hema lilikuwa mali ya mkubwa wa msafara. Mpagazi alibeba kama frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu, na hema la turubai zito pamoja na nguzo zake lingeweza kuwa mzigo wa mtu mzima peke yake. Fikirini: binadamu anatembea miezi mitatu amebeba nyumba ya mwenzake! Wapagazi wa Kinyamwezi wao walikuwa mafundi wa kujenga vibanda vya majani na matawi kila wanapofika kambini, na kambi ikizungushiwa miiba. Kitambaa kilichotawala biashara ya njia hiyo kiliitwa merikani kwa sababu kilitoka viwanda vya pamba vya Marekani na kuletwa Zanzibar na meli za Salem. Kwa hiyo hata wakati ule kitambaa chetu kilitoka ng'ambo.

Mwaka 1909 Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alipokuja kuwinda Kenya alikuwa na wapagazi zaidi ya 200. Hema la starehe lilihitaji watu wengi nyuma yake. Mtu wa pikipiki hana mpagazi. Mpagazi wake ni keria na mipira miwili ya kamba.

Sasa hapa ndipo nesi anaamka ndani yangu. Zile njia za misafara zilikuwa na ugonjwa wake. Watu waliolala kwenye vibanda vya zamani vya njiani walishikwa na homa kali inayokuja, inaondoka, halafu inarudi tena. Wazee wetu walishajua kwamba inaletwa na papasi, yule mdudu wa jamii ya kupe anayejificha kwenye nyufa za sakafu ya udongo, anatoka usiku, anakunyonya damu, kisha anarudi zake kabla hujaamka. Wataalamu walikuja kulithibitisha baadaye. Madaktari wawili wa Chuo cha Liverpool, Everett Dutton na John Todd, walikuwa wakifanya utafiti mashariki ya Kongo, na Robert Koch wa Ujerumani alilichunguza jambo hilohilo mwaka 1905 huku kwetu, wakati tukiitwa Afrika Mashariki ya Wajerumani. Dutton mwenyewe aliugua homa hiyo akafa Februari 1905 huko Kasongo, mji uliowahi kuwa ngome ya Tippu Tip. Alikuwa na miaka 28 tu. Kijidudu kinacholeta homa hiyo leo kinaitwa kwa jina lake, Borrelia duttonii.

Mnaona? Swali la hema kwetu kumbe halikuwa mvua peke yake. Lilikuwa swali la sakafu. Hema la zamani halikuwa na sakafu iliyoshonwa. Lilikuwa paa na kuta tu, ukitaka unatandika turubai chini. Hema la leo lenye sakafu iliyoshonwa mpaka ukutani kama beseni, na mlango wa chandarua wenye zipu, limefunga njia ya papasi, nge, siafu na mbu kwa pamoja. Na tukumbuke kwamba ni mwaka 1897 tu Ronald Ross alipoonyesha uhusiano wa mbu na malaria. Kabla ya hapo watu walifunga mahema yao wakiogopa "hewa mbaya" na mbu wakiingia kwa raha zao!

Je, hema dogo la kubebwa na mtu mmoja lilianzaje? Hili limenifurahisha sana, maana lilianzishwa na fundi cherehani. Aliitwa Thomas Hiram Holding, mshona nguo wa London. Akiwa mtoto, mwaka 1853, alivuka mbuga za Marekani pamoja na msafara wa magari ya kukokotwa, na hamu ya kulala nje haikumtoka tena. Alipokuwa mtu mzima akaanza kubeba hema kwenye baiskeli. Mwaka 1898 alitoa kitabu kuhusu safari yake ya baiskeli na hema huko Connemara, Ireland. Mwaka 1901 akaanzisha na wenzake chama cha wapiga kambi wa baiskeli, na mwaka 1908 akatoa kitabu kikubwa cha mafunzo ya kambi. Kwa kuwa ni fundi nguo, alilitazama hema kama vazi: kila inchi ya kitambaa ina uzito, na kila mshono ni mahali pa kuvuja. Hemani mwake hapakuwa na nafasi ya anasa.

Chama kile kilikua, na kwa miaka mingi rais wake alikuwa Baden-Powell, yule wa maskauti, aliyepigisha vijana kambi katika kisiwa cha Brownsea mwaka 1907. Na Baden-Powell amezikwa wapi? Nyeri, Kenya, tangu Januari 1941. Dunia ndogo jamani.

Kutoka baiskeli kwenda pikipiki ni hatua moja. Wanawake wawili, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, waliondoka London tarehe 11 Desemba 1934 kwa pikipiki ya Panther ya cc 600 yenye kigari cha pembeni, na nyuma ikivuta tela la mizigo. Wakavuka Sahara, wakapita Kongo, Uganda, Kenya na Tanganyika, wakaingia Cape Town mwishoni mwa Julai 1935. Mama, ukisoma hapa: wanawake wawili, miaka tisini iliyopita, kwenye barabara zetu kabla hazijawa na lami! Mwanao anakwenda Mbeya.

Lakini tazameni lile tela. Mizigo ya wakati ule ilikuwa mizito, na turubai la pamba likilowa linaongezeka uzito na lisipokauka linaoza. Kilichobadilisha mambo ni maabara. Nailoni iligunduliwa Marekani mwaka 1935 kwenye kampuni ya DuPont na timu ya Wallace Carothers. Uzi wa poliesta ukafuata mwaka 1941 kwa Whinfield na Dickson huko Uingereza. Kisha zikaja nguzo za alumini za vipande vilivyounganishwa na mpira ndani. Mwaka 1975 kampuni ya The North Face ikatoa hema la umbo la kuba, kwa kufuata mawazo ya Buckminster Fuller, yule bingwa wa majengo ya kuba. Nguzo zinapindana na kusukumana, hivyo hema linasimama lenyewe bila kutegemea kamba. Nyumba iliyokuwa mzigo wa mpagazi sasa ina kilo mbili au tatu na inaingia kwenye mfuko wa urefu wa mkono.

Na sasa mengi yanashonwa huku China. Hapa Guangzhou wenyeji wenyewe walishikwa na homa ya kambi kipindi cha korona, hasa 2022, wakati kusafiri nje ya nchi kulikuwa kugumu. Bustani zilijaa mahema kama kuna kipaimara. Ndiyo maana leo maduka yana chaguo tele, na mtu asiyejua anachotafuta atauziwa mwavuli wa mtoto.

Basi mdogo wangu, hivi ndivyo dada yako anavyochagua.

Kwanza, sakafu ya beseni iliyoshonwa na chandarua chenye matundu madogo sana. Hapo sina mjadala.

Pili, poliesta kuliko nailoni. Nailoni ni nyepesi na imara, lakini ikilowa inalegea, na jua la kwetu linaila haraka zaidi. Pikipiki inaweza kubeba nusu kilo ya ziada, miguu yako haitajua.

Tatu, hema la kuba linalosimama lenyewe. Njiani utalala pengine kwenye uwanja wa shule au sehemu yenye mawe, ambapo vigingi havishiki.

Nne, nguzo za alumini. Zile za fiberi zinapasuka, na kipande chake kikikuchoma kidole ni kazi kukitoa, mimi ndiye ninayeambiwa niwatoe watu vitu hivyo. Na nguzo ikikunjwa isizidi nusu mita, ili isichomoze pembeni ya keria ikagusa daladala.

Tano, tabaka mbili, na kibaraza mbele. Tabaka mbili ni kwa sababu pumzi zenu zinageuka maji usiku, na baridi ya Kitulo si ya mchezo. Kibaraza ni cha buti na helmeti. Viatu vya matope havilali na mtu.

Sita, kwenye lebo utaona milimita, maana yake urefu wa maji ambao kitambaa kinaweza kubeba kabla hakijavuja. Kwa Tukuyu, ambako mvua ni jirani wa kila siku, nataka 3000 kwa juu na zaidi ya hapo kwa sakafu. Ukirudi nyumbani lianike likauke kabisa kivulini kabla ya kulikunja. Ile dawa ya kuzuia maji ikikaa na unyevu na joto inanata na kubanduka. Hali ya hewa ya Guangzhou imenifundisha, huku hata viatu vinaota ukungu kabatini.

Na la mwisho si la hema, ni la uhai. USIINGIZE jiko la mkaa ndani ya hema, hata liwe limebaki majivu mekundu kidogo tu. Moshi usipoonekana ndiyo hatari zaidi, maana kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Mtu analala kwa raha, haamki. Ukisikia baridi vaa masweta mawili.

Mzigo nitaupakia kwenye kontena la mwezi ujao pamoja na vitu vya mama, mtaupokea Kariakoo. Na hapo nako mniruhusu neno moja. Jina la Kariakoo limetoka kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi ambao Waingereza waliwaweka hapo baada ya kuiteka Dar es Salaam mwaka 1916. Maelfu yao hawakurudi makwao, na wengi hawakuuawa na risasi bali na magonjwa na njaa. Wale walibeba mahema ya watu wengine. Mdogo wangu atabeba la kwake, kwa hiari yake, kwenda kuiona nchi yake mwenyewe.

Mama, mimi nimeona aende. Ila kila jioni akifika apige simu, na nitamsubiri hata kama huku ni saa sita usiku.

Nisiwachoshe. Nawapenda wote, msalimieni bibi.

Wasalaam, Dada yenu wa Dengfeng.