Astapovo, mji uliopoteza jina lake

Nilianza kusoma habari za Astapovo nikitafuta historia ya reli, nikakuta karibu kila kitabu kinazungumzia siku saba tu. Mji huu mdogo wa Urusi, kusini mwa Moscow, ulikua mwishoni mwa karne ya 19 mahali njia za reli ya Ryazan-Ural zilipokutana. Wakazi wake wengi waliishi kwa kazi ya treni. Hoteli haikuwapo.

Tarehe 13 Novemba 1910 mwandishi Leo Tolstoy, mzee wa miaka 82, aliteremshwa pale akiwa na homa kali. Siku tatu kabla alikuwa ametoroka nyumbani kwake usiku, akimwacha mkewe Sofia. Daktari aliyesafiri naye aliona hawezi kuendelea na safari. Mkuu wa stesheni, Ivan Ozolin, Mlatvia mwenye mke na watoto, akampa mgonjwa nyumba yake.

Hapo ndipo stesheni ilipogeuka kuwa kitovu cha dunia. Waandishi wa habari walifurika hata wengine wakalala kwenye mabehewa, na telegramu zikatoka mchana na usiku. Askari walikuja. Kanisa, lililokuwa limemtenga Tolstoy mwaka 1901, lilimtuma padri, lakini hakuruhusiwa kumwona. Sofia alifika kwa treni ya kukodi, akawekwa ndani ya behewa. Wapigapicha za sinema walimnasa akizungukazunguka nje ya nyumba ambamo mumewe alikuwa anakufa. Kwangu hili ndilo jambo chungu kuliko yote: aliishi naye miaka 48, akaruhusiwa kuingia mwishoni kabisa, wakati mgonjwa hajitambui tena. Tolstoy alifariki tarehe 20 Novemba, saa 12 na dakika 5 asubuhi.

Mwaka 1918 stesheni ikapewa jina la Lev Tolstoy, na leo mji wenyewe unaitwa hivyo. Nyumba ya Ozolin ni makumbusho. Sikatai heshima hiyo, lakini naona mji umelipa gharama kubwa kwa mgeni wa wiki moja. Mafundi wa njia, wapiga telegramu na makuli waliokuwapo kabla yake hawana hata kichochoro kwenye vitabu nilivyosoma. Ozolin mwenyewe hutajwa kwa sababu ya kitanda. Na saa ya stesheni imesimamishwa kwenye dakika ile ile ya kifo, ingawa treni bado zinapita.